Vitoto vya paka wa mbegu kufa siku ya 2 hadi ya 5 huku Nyanda za Juu: tuache kuisingizia baridi

#1 Kibanda_Uyole
Wakuu salaam.

Kila ikifika Juni, kuanzia Mbeya mjini hadi Makete, kilio ni kilekile. Paka wa Kiajemi au British Shorthair amezaa vitoto 4, vyote vina nguvu na vinanyonya. Siku ya pili kimoja kimelegea, siku ya tano vimebaki 2. Ukiuliza sababu unaambiwa "baridi, paka wa kizungu hawaiwezi".

Naipinga. British Shorthair asili yake Uingereza, baridi anaijua kuliko sisi. Halafu baridi ingekuwa ndiyo muuaji, uzao mzima ungeondoka usiku mmoja. Hapa vinakufa 2 na vinapona 2, boksi lilelile, mama yuleyule. Kinachochagua hivyo ni damu. Jike wa kundi la damu B ana kinga kali dhidi ya kundi A, anayo tu, bila kuwahi kuongezewa damu. Kinga hiyo hupita kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza. Kitoto cha kundi A kikinyonya, chembe zake nyekundu zinapasuliwa. Mkojo unakuwa kama chai ya rangi, ufizi unageuka manjano, na kikibahatika kupona ncha ya mkia hukauka ikadondoka.

Nani humu huwa anapima makundi ya damu kabla ya kupandisha? Karibuni.

#2 Ndaga_Fijo
Nimevuta kigoda. Sisi wa nyau wa kukamata panya tunasoma tu.

#3 BaridiYaNjombe
Mleta uzi, hapo kwa British Shorthair umeteleza. Anayeijua baridi ni paka mkubwa mwenye manyoya mazito. Kitoto cha siku 1 hakina uwezo wa kutetemeka, na hakitakuwa nao kwa karibu wiki nzima. Joto lake linatoka kwa mama na kwenye boksi, basi.

Na baridi inachagua, tena sana. Kitoto cha gramu 80 kinapoteza joto haraka kuliko cha gramu 110, maana ngozi ni nyingi ukilinganisha na mwili. Kile kidogo ndicho husukumwa pembeni, kinapoa, kinashindwa kunyonya, sukari inashuka, mama anakihisi cha baridi anakiacha. Kwa hiyo vinakufa 2 na vinapona 2 bila damu kuhusika hata kidogo.

Pima joto kwenye tundu la haja kubwa kwa kipimajoto cha dijitali, ncha umeipaka mafuta. Wiki ya kwanza kitoto kinatakiwa kiwe nyuzi 35 hadi 37. Kikiwa chini ya 34 au karibu na hapo, matumbo yanasimama. Ukikipa maziwa wakati huo yanakaa tumboni yakichacha, au yanarudi na kuingia kwenye mapafu. Mtu anasema "nilimlisha kabisa lakini akafa". Amekufa kwa sababu alilishwa akiwa wa baridi. Kwanza joto, polepole, saa 1 hadi 3, ndipo chakula.

#4 Mama_Manyoya
Naunga mkono #3, niongeze boksi lenyewe maana wengi hukosea hapo.

Ukubwa sm 60 kwa 60 unatosha paka mmoja. Mlango uwe na kizingiti cha sm 15 ili vitoto visitoke vikining'inia kwenye chuchu. Upande mmoja uwe na joto, mwingine uwe wa kawaida, mama na vitoto wajichagulie. Pale vinapolala: wiki ya kwanza nyuzi 30 hadi 32, wiki ya pili 27 hadi 29, kisha unashusha taratibu hadi 24. Kipimajoto kilale usawa wa vitoto. Ukikitundika ukutani kinakudanganya.

Chini weka gazeti, juu blanketi la manyoya laini. Taulo la vitanzi linanasa kucha, kitoto kinavutika mguu usiku kucha.

Sasa taa. Balbu zinazouzwa siku hizi karibu zote ni LED, hazitoi joto la maana. Mtu anafunga LED ya wati 9 anasema ameweka taa ya joto! Tafuta taa nyekundu ya vifaranga kwenye maduka ya pembejeo, itundike mbali na usogeze kwa kufuata kipimajoto. Umeme ukikatika, chupa za lita 1.5 za maji moto zilizofungwa kwenye kitenge, unabadilisha kila zinapopoa.

Na jiko la mkaa au chungu cha vifaranga kwenye chumba kilichofungwa, HAPANA. Hewa ya mkaa haina harufu. Asubuhi unakuta wamelala wote, na mama yao.

#5 Daktari_Ng'ombe
Uzi mzuri. Marekebisho machache kwa #1.

Kwanza, usiwaweke Waajemi na British Shorthair kapu moja. Kundi B ni la kawaida kwa British Shorthair, Devon Rex na paka wa Kituruki. Kwa Waajemi lipo kiasi, na linatofautiana nchi na nchi. Siamese karibu wote ni A. Paka wetu wa mitaani wengi ni A pia.

Pili, urithi. A inaitawala B. Jike wa kundi B ni b/b, yaani amerithi b kwa wazazi wote wawili, hana jingine. Dume wa kundi A anaweza kuwa A/A, hapo vitoto vyote ni A na vyote viko hatarini. Akiwa A/b, wastani wa nusu ni A. Hiyo "2 kwa 2" ya mleta uzi inaingia hapo vizuri tu, ila inaingia na kwenye maelezo ya #3 vilevile. Hesabu peke yake haiamui kesi.

Tatu, mlango wa matumbo. Kitoto hufyonza kinga za dang'a kwa saa 16 hivi tangu kuzaliwa, baadaye matumbo yanajifunga. Kama jike ni B na dume ni A, vitoto vinatengwa na chuchu za mama kwa saa 24 za mwanzo, vinanyonyeshwa na paka wa kundi A aliyezaa karibuni, au vinapewa maziwa ya paka ya kopo. Baada ya hapo vinarudi kwa mama bila shida.

Kama huna kadi za kupimia kundi la damu, maabara yenye darubini inaweza kulinganisha. Tone la utegili (maji ya damu) wa jike, tone la damu ya dume iliyozuiwa kuganda, changanya kwenye kioo, angalia dakika chache. Jike B na dume A, utaona mabonge waziwazi.

#6 Mchumba_wa_Tukuyu
Daktari, si uzao wa kwanza huwa salama? Kama ile ya Rhesus kwa binadamu, tatizo linaanza mimba ya pili.

#7 Daktari_Ng'ombe
#6 hapana, hapo ndipo watu wanapotegwa. Kwa binadamu mama hutengeneza kinga baada ya kukutana na damu ya mtoto. Paka wa kundi B anayo tayari akiwa na miezi michache. Uzao wa kwanza unaweza kufa wote.

#8 Kisu_na_Uzi
Mnagombana damu na baridi, na kitovu hamkitaji. Mwajemi ana uso bapa, meno ya juu na ya chini hayakutani vizuri, hivyo kukata kitovu kwake ni kazi. Ama anakiacha kirefu kimefungamana na kondo, ama anakivuta hadi tumbo la kitoto linapasuka. Kisha mfugaji anakata kwa wembe wa kunyolea uliokuwa bafuni.

Funga kwa uzi uliochemshwa, sm 2 hadi 3 kutoka tumboni, kata mbele ya fundo kwa mkasi uliochemshwa dakika 10. Chovya kisiki kwenye aidini, rudia jioni na kesho yake. Bakteria wa jamii ya streptokokasi hutoka kwenye njia ya uzazi ya mama, hasa majike wachanga wa uzao wa kwanza, wanaingia kitovuni. Kitoto kinanenepa vizuri, halafu karibu na mwisho wa wiki ya kwanza au ya pili kitovu kinavimba usaha na kinakufa ghafla.

#9 Kibanda_Uyole
#8 umejibu mwenyewe. Mwisho wa wiki ya kwanza. Mimi naongelea siku ya 2 hadi ya 5.

#10 Kisu_na_Uzi
Aliyechafuliwa vibaya kwa wembe wa bafuni hasubiri kalenda yako mkuu.

#11 Mizani_Gramu
Maneno mengi, namba chache. Hizi hapa ni za uzao mmoja, Mwajemi, boksi nyuzi 30. Kuzaliwa, saa 24, saa 48, kwa gramu:

A: 98, 97, 106
B: 102, 101, 111
C: 91, 89, 98
D: 88, 79, 74

Semeni D ana nini.

#12 BaridiYaNjombe
D amepoteza gramu 9 kwenye 88 siku ya kwanza, zaidi ya asilimia 10. Kushuka kidogo siku ya kwanza kunavumilika, kupita asilimia 10 ni kengele. Kuanzia siku ya pili kila kitoto kiongeze gramu 10 hadi 15 kwa siku, na uzito wa kuzaliwa uwe umejirudia maradufu kati ya siku ya 7 na ya 10. D alikuwa mdogo kuliko wote. Naona baridi ya pembeni ya boksi. Joto lake lilikuwa ngapi?

#13 Kibanda_Uyole
Rangi ya mkojo ilikuwaje? Pangusa sehemu ya haja kwa pamba nyeupe yenye maji vuguvugu, kitakojoa hapohapo, angalia pamba.

#14 Mama_Manyoya
Kabla ya yote hayo fungua mdomo wake kwa tochi. Kaakaa likiwa na ufa, hawezi kuvuta chuchu, maziwa yanatokea puani. Sekunde 5 tu unajua.

#15 Mizani_Gramu
Joto 34.8, pamba ya njano ya kawaida, kaakaa zima.

#16 Daktari_Ng'ombe
Basi hoja ya damu inapungua nguvu kwa kesi hiyo, ingawa mkojo wa mapema unaweza kuwa bado safi. 34.8 inaweza kuwa chanzo au matokeo, kitoto kisichonyonya hupoa chenyewe. Mpasheni joto hadi apite 35.5, ndipo apewe maziwa.

Jambo moja kwa wote: kitoto kikifa msikifukie. Kiwekeni kwenye friji, sehemu ya kawaida, si ya barafu, maana barafu inaharibu nyama na mchunguzi haoni kitu. Kipelekeni maabara, TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania) wana kituo Iringa. Kibofu chenye mkojo wa kahawia, tumbo lenye mabonge ya maziwa yasiyosagika, kitovu chenye usaha, kila kimoja kinasema lake. Tukikosa hilo tutabishana hadi mvua za Novemba.

#17 Soko_Matola
Maziwa ya ng'ombe yaliyoongezwa maji je? Ndiyo yanayopatikana.

#18 Mama_Manyoya
Kuyaongeza maji ndiyo kosa lenyewe. Maziwa ya paka yana protini zaidi ya mara mbili ya ya ng'ombe na mafuta mengi, wewe unayapunguza tena! Kitoto kinashiba maji, uzito hausogei, kisha kinahara kwa ile sukari ya maziwa. Ya mbuzi nayo si mbadala, yanafanana na ya ng'ombe kuliko watu wanavyodhani.

Agiza kopo la maziwa ya watoto wa paka jike akiwa na siku 40 za mimba, usingoje uchungu. Kipimo: tumbo la kitoto linabeba ml 4 hivi kwa kila gramu 100 za uzito. Kitoto cha gramu 90 kinapewa ml 3 hadi 3.5, kila saa 2 hadi 3, usiku na mchana wiki ya kwanza. Bomba la sindano la ml 1 lisilo na sindano, tone kwa tone, kitoto kimelala kifudifudi kama kinavyonyonya. Ukikilaza chali kama mtoto wa binadamu, maziwa yanaingia mapafuni. Baada ya kila mlo pamba ya vuguvugu hadi kikojoe, vyenyewe haviwezi hadi wiki ya tatu.

#19 Usipa_wa_Kyela
Wote mnaangalia boksi, angalieni sahani ya mama. Jike analishwa ugali na mchuzi, au chakula cha mbwa kwa kuwa ni bei rahisi. Paka hawezi kujitengenezea taurini ya kutosha, lazima aile, na haipo kwenye nafaka. Ikipungua, mimba zinatoka, au vitoto vinazaliwa vidogo na dhaifu. Hao gramu 80 wa #3 wametoka hapo.

Taurini iko kwenye moyo wa ng'ombe, nyama na samaki. Inayeyuka kwenye maji, kwa hiyo ukichemsha usipa (dagaa wa Ziwa Nyasa) ukamwaga supu, umemwaga taurini. Mpe na supu yake. Dagaa waliokaushwa kwa chumvi, hapana. Samaki mabichi kila siku nao si vizuri, baadhi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Na maini yasizidi kuwa kionjo mara moja kwa wiki, vitamini A ikirundikana inaharibu mifupa, na kwa mwenye mimba ni hatari kwa vitoto.

#20 Ndaga_Fijo
Nyau wa jirani yangu anakula moyo wa ng'ombe? Mimi mwenyewe nauona Krismasi.

#21 Karatasi_za_Ukoo
Mmesahau undugu. Huku majike wengi wanapandishwa na madume walewale wachache. Ukimpandisha binti kwa baba yake, au kaka kwa dada, kiwango cha uzao wa ndani ni asilimia 25. Ndugu wa upande mmoja, 12.5. Vitoto dhaifu wasio na sababu ya wazi, wengi wanatoka hapo. Cheti cha ukoo kinunuliwe ili kisomwe vizazi 4 nyuma, kutundikwa ukutani hakusaidii.

Pia pimeni vinavyopimika. Mwajemi: ugonjwa wa vivimbe vya figo, mzazi mmoja mwenye jeni anatosha kurithisha nusu ya vitoto. Maine Coon na Ragdoll: ugonjwa wa misuli ya moyo. Pamba ya kupangusia ndani ya mashavu inatosha, sampuli inatumwa nje kwa posta. Na wale wanaouliza Scottish Fold wa masikio yaliyokunjwa, hiyo jeni ya sikio ndiyo ileile inayoharibu gegedu la miguu na mkia. Hakuna namna ya kupata sikio bila maumivu. Msiwazalishe.

#22 BaridiYaNjombe
Tuseme sababu ni 5. Baridi bado ndiyo unayoweza kuikwepa kwa kalenda, bure. Paka huingia joto kwa kufuata mwanga wa siku, na huku kwetu mchana hautofautiani sana, saa 11 na nusu hivi Juni na saa 12 na nusu hivi Desemba, kwa hiyo wanaingia joto karibu mwaka mzima. Mimba ni siku 65, toa au ongeza 2. Ukipandisha tarehe 10 Aprili unazalisha tarehe 14 Juni, yaani umejitafutia. Pandisha tarehe 20 Julai, anazaa tarehe 23 Septemba.

Jike apelekwe kwa dume, siku ya pili au ya tatu ya joto, wapandane mara kadhaa kwa siku. Yai la paka hushuka kwa kupandwa, mara moja haitoshi. Wote wawili wapimwe kwanza lukemia ya paka na ukimwi wa paka.

#23 Mchumba_wa_Tukuyu
Tarehe 20 Julai tutakuletea wote Njombe, andaa chai.

Swali jingine. Vilivyopona vinafika miezi 3 vinakwaruza wateja, vinajificha chini ya kabati. Ni ukoo au malezi?

#24 Mama_Manyoya
Malezi kwa sehemu kubwa, na dirisha lake ni fupi: wiki ya 2 hadi ya 7. Kitoto kinacholelewa kwenye chumba cha nyuma hadi wiki ya 8 kimeshachelewa. Kila siku kishikwe dakika 30 hadi 40 kwa jumla, vipande vidogovidogo, na watu tofauti 4 au zaidi: mwanamume, mwanamke, mtoto mkubwa, mzee. Gusa nyayo, masikio, fungua mdomo, chana manyoya japo hayajarefuka. Mwajemi asiyezoea kitana akiwa mdogo atakuja kunyolewa akiwa amepigwa sindano ya usingizi.

Kuanzia wiki ya 4 boksi lihamie sebuleni au jikoni, visikie sufuria, redio, bodaboda nje. Na visiuzwe wiki ya 8. Wiki ya 12 au 13 ndiyo, mama na ndugu ndio wanaofundisha kung'ata bila kuumiza.

#25 Daktari_Ng'ombe
#24 sikubaliani na hao watu 4 bila masharti. Panlukopenia, ugonjwa wa virusi unaoua vitoto vya paka, inaingia na viatu, virusi vyake vinakaa kwenye mazingira hadi mwaka. Chanjo inaanza wiki ya 6 hadi 8 na kurudiwa kila wiki 3 hadi 4 mpaka wiki ya 16. Maana yake dirisha lako lote liko kabla kinga haijakamilika.

#26 Mama_Manyoya
Masharti yapo daktari. Viatu mlangoni, mikono kwa sabuni, mwenye paka mgonjwa kwake haingii. Sakafu inapigwa deki kwa dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, sehemu 1 kwa maji 30, inakaa dakika 10 kisha inasuuzwa. Kitoto kilichofungiwa kikawa salama lakini hakishikiki, nacho hakina kwao.

#27 Daktari_Ng'ombe
Klorini sawa. Ile dawa ya kusafishia inayogeuka nyeupe kama maziwa ikiingia majini isitumike, ni jamii ya fenoli, ini la paka haliwezi kuitoa. Hatutakubaliana kuhusu wageni kabla ya sindano ya pili, ila nimekusikia.

#28 Maranda_Mafinga
Kwa beseni la mchanga tumieni maranda ya msindano yaliyokauka kabisa, yale mabichi kutoka mashineni yana utomvu unaokereketa macho na pua. Vumbi laini pepeta. Mchanga wa dukani unaoganda usiwekewe vitoto chini ya wiki 8, wanaula na unafunga matumbo.

Kuhusu viroboto, mtu asiseme "pareto ni ya kwetu, ni ya asili" kisha akampaka paka dawa ya kuogeshea ng'ombe. Permethrini ni ya kutengenezwa kiwandani kwa kuiga pareto, na inamwua paka kwa degedege. Vitoto vidogo tumia chanuo la meno membamba na maji ya sabuni ya vuguvugu, kausha hapohapo.

#29 Usipa_wa_Kyela
Na minyoo, wiki ya 3, kurudia kila wiki 2. Vitoto vinazaliwa nayo kutoka tumboni.

#30 Daktari_Ng'ombe
Hapo ni mbwa. Kwa paka minyoo hupita kwenye maziwa, si kwenye kondo. Ratiba yako ni sahihi, na mama apewe siku hiyohiyo.

#31 Mizani_Gramu
Mrejesho: D amefika 36.1, anakunywa ml 3, leo gramu 78. Sijui bado alikuwa na nini.

#32 BaridiYaNjombe
Sisi wengine tunajua.

#33 Kibanda_Uyole
Hamjui. Kupona kwa joto hakuthibitishi kwamba joto ndilo lilikuwa tatizo. Kuna jike British Shorthair siku ya 58 ya mimba hapa Uyole, dume wake kundi A, jike hajapimwa. Kadi zinakuja wiki hii. Akiwa B, vitoto vitapimwa damu ya kitovu na vya A vitatengwa saa 24.

#34 Mama_Manyoya
Na boksi liwe nyuzi 30 vilevile, ubishi wako usiviue.

#35 Mizani_Gramu
Na mizani iwe inayosoma gramu 1 moja. Usije na ile ya kupimia nyanya sokoni Mwanjelwa.